Mchu na kima punju: wapi wanafanana, wapi wanaachana?

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu yuko darasa la sita, kapewa kazi alinganishe mmea wa porini unaotoa maua na mnyama wa msituni. Kaandika: "Mmea hautembei, mnyama hutembea. Mmea huvuta hewa ukaa, mnyama huvuta oksijeni." Hapo kakwama. Nimsaidie vipi? — Mzazi, Bwejuu

JIBU: Waalaykum salaam. Achukue majirani wawili wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hapa Unguja: mchu, katika jamii ya mikoko, na kima punju. Kila mstari wa jedwali lake uanze na kazi ya uhai, si na umbo. Akianza na mkia na majani atakwama tena.

Kupumua ndipo alipokosea, na wengi hukosea hapo. Hewa ukaa mmea huitumia kutengenezea chakula, tena penye mwanga tu. Oksijeni huihitaji usiku na mchana, sawa na kima. Mchu wenyewe ni ushahidi: tope halina oksijeni, ndiyo maana mizizi yake huchomoza wima kama penseli ikafuate hewa.

Chakula: mchu una umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, hujipikia kwa jua. Kima hana, hivyo hula majani machanga. Tumbo lake lina vyumba, na humo bakteria huyachachusha majani. Tunda bivu lenye sukari huchachuka upesi mno likamletea asidi, kwa hiyo hupendelea mabichi. Hula hata makaa, maana hunasa sumu za majani ya mikungu na miembe. Hili asiliache, walimu hulipenda.

Taka: kima hutoa chumvi kwa mkojo, mchu huitolea majanini.

Uzazi una utamu wake. Maua ya mchu ni madogo, ya manjano, na nyuki ndio wabebaji wa chavua. Mbegu huanza kuota ingali ndani ya tunda, juu ya mti. Kima naye hubeba mimba, akazaa mtoto mmoja kwa wakati.

Mpeleke maji yakipwa, siku isiyo na mvua. Mvua huosha chembe za chumvi, akakosa kuziona. Aguse jani, kisha alambe kidole. Kima amtazame kwa mbali, asimpe chakula, hasa ndizi mbivu.