Wanaolinda bonde waanzie juu ya bonde

Mmeuliza wiki hii: bonde la kijito likishatangazwa kuwa hifadhi, ni kitu gani hasa cha kulindwa humo? Kwangu mimi ni maji: wingi wake, majira yake, na namna yanavyoifikia kila sehemu ya bonde. Miti, ndege na vyura wanayafuata hayo.

Ushahidi wangu ni Kihansi, hapa Tanzania. Mto huu unatoka nyanda za juu za Udzungwa na kuporomoka korongoni kuelekea Kilombero. Zamani maji yalijipiga kwenye miamba kwa nguvu kiasi kwamba manyunyu hayakukatika, masika wala kiangazi. Yalilowesha vipande vya ardhi ambavyo ukivijumlisha vyote ni hekta 2 hivi. Humo ndimo wanasayansi walimokuta, mwaka 1996, chura mdogo wa njano asiyejulikana kuishi penginepo popote duniani. Mkubwa kabisa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama wenzake. Huzaa vitoto vilivyokwisha kuumbika, vidogo hata ukucha wa kidole unavifunika. Katika korongo hilo hilo kuna mbuni mwitu (mti wa kahawa) wa aina yake, uliopewa jina la kisayansi mwaka 2004.

Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi, kati ya 1999 na 2000, karibu asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwenye mahandaki ya mitambo. Hapakuhitajika shoka wala moto. Manyunyu yalipokoma, mimea iliyozoea kulowa ikanyauka na magugu ya nchi kavu yakaingia. Ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia maji, kuiga kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya wenyewe. Vyura waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakapukutika ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Kizazi chao kilinusurika kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, kwenye bustani za wanyama. Uzao wao ulirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Najua wengi walikereka kuona fedha zikitumika kwa vyura. Umeme tunauhitaji, na mimi siupingi mtambo ule. Ninachosema ni kwamba kiasi cha maji ya kubaki mtoni kilipaswa kujadiliwa kwanza, wakati michoro ingali mezani, maana hekta 2 zile zingeweza kuwekewa mpaka na walinzi na bado zikakauka.

Na bwawa la umeme siyo jambo la pekee linaloathiri maji ya bonde. Panda juu kwenye vyanzo, Iringa na Mufindi, uone vinyungu, bustani za mabondeni ambazo watu hulima kiangazi. Mkulima huchimba mifereji tindiga lipungue maji, akainua matuta, akapanda mahindi, maharage na mboga. Mfereji ukiishia kwenye matete, maji huchujwa na udongo hubaki. Ukifika hadi kijitoni, mvua ya kwanza inashusha tope jekundu moja kwa moja, na mawe ya chini ya kijito, ambako wadudu wa majini hujishikiza, yanafunikwa. Ongeza mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi yenyewe, na chemchemi inaanza kudhoofika.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naiunga mkono, ila kumfukuza mwenye kinyungu wakati wa njaa bila kumpa pengine pa kulima si uhifadhi. Kaeni naye mkubaliane mfereji uishie wapi, matete yaachwe kwa upana gani, mikaratusi ing'olewe lini na ipandwe miti gani badala yake. Watu wa mabondeni wanajua maji yanapita wapi kuliko ramani nyingi za ofisini.

Kwa hiyo, kabla ya kununua nguzo za mpaka, wekeni vipimo vya maji viwili, kimoja juu ya bonde na kingine chini yake. Achaguliwe mkazi wa kuvisoma kila siku na alipwe kila mwezi. Takwimu zake zibandikwe ofisi ya kijiji, ili anayekuja kuomba kibali cha kuvuta maji azikute pale.