Kwa nini fidia ya duka ni nusu ya hasara

Dada yangu wa Ngamiani, Tanga, umeuliza kwa nini bidhaa za shilingi milioni 4 zilizoungua dukani kwako zimeahidiwa fidia ya milioni 2 tu, ilhali ulikata bima ya milioni 10. Jibu limo katika thamani ya duka siku ya moto: ikiwa mali yote ilifikia milioni 20, wewe ulikinga nusu yake, na mkataba wenye kifungu cha uwiano hulipa kila hasara kwa nusu hiyohiyo, hata kama hasara ni ndogo kuliko kiwango cha bima. Hiyo ndiyo bima pungufu, na inanisikitisha kwamba wateja wengi huijua baada ya janga. Usiichanganye na kiasi cha kubeba mwenyewe, ambacho hukatwa katika dai.

Kabla ya kutia saini hati ya kukubali malipo, hesabu upya thamani ya mali yote kwa stakabadhi za ununuzi, kwa kuwa ikithibitika kuwa milioni 16, utakuwa umekinga 10 kwa 16 ya mali hiyo, na fidia itapanda hadi milioni 2.5. Mkishindwana na kampuni ya bima, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayetambuliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.