Mchele wa kwenda Kampala: ulizia behewa kabla ya kukodi semi

Kila msimu wa mchele wafanyabiashara wa hapa Mwanza wananiuliza swali lile lile, nipakie semi, lile lori refu la tela, au nisubiri meli? Mi kazi yangu ni makaratasi ya mizigo inayovuka kwenda Uganda na jibu langu halijabadilika: kama mzigo hauozi na mteja hajakubana, nenda kwanza bandari ya Mwanza Kusini kaulizie behewa la treni linalovushwa na meli.

Meli yenyewe ni MV Umoja, ilirudi kazini 2018 baada ya kukaa miaka mingi, inabeba mpaka mabehewa 22, yanaingia na mzigo wake ndani kwenye reli iliyolazwa ndani ya meli yenyewe, yakifika Port Bell, bandari ya Kampala, yanavutwa nje hivyo hivyo. Ukiwepo wakati wa kupakia utaona wanayaingiza kwa mpangilio, upande huu kidogo na upande ule kidogo, meli isije ikalalia ubavu. Gunia lako halishushwi njiani wala halichanwi. Na tani moja ikipita majini inakula mafuta kidogo kuliko barabarani. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, nashukuru sana, lakini ile milima ya Kagera mpaka Mutukula mpakani bado ipo na semi inaipanda ikitoa moshi mweusi.

Ila meli ina ratiba yake, na hapa ndo watu wengi wanakwama, meli iko tayari we bado unafukuzia cheti. Anza na makaratasi wiki kadhaa kabla hujanunua hata gunia. Cheti cha afya ya mimea unakipata TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Cheti cha uasilia, kinachothibitisha mchele ni wa hapa kwetu, ndo kinakupa msamaha wa ushuru ndani ya Afrika Mashariki, na kama mzigo wako hauzidi dola 2,000 kuna kile kilichorahisishwa cha wafanyabiashara wadogo, kiulize, wengi wanakipita tu.

Ukilazimika kwenda na lori basi usimsikilize anayekwambia ongeza gunia kumi hakuna atakayejua. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ambayo sisi tulianza kuitumia Machi 2019, mwisho ni tani 56 gari na mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake, yaani unaweza kuwa chini ya 56 na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo wote umeurundika nyuma. Unalipa, unapanga upya juani, mzigo unalala.

Kingine, tafuta lori la Uganda lililoleta mzigo huku na linarudi kwao. Bei inashuka maana lingerudi tupu, na dizeli ile ingeungua bure. Kisheria halina shida, kinachokatazwa ni gari ya nje kubeba mzigo wa ndani, tuseme Mwanza kwenda Bukoba. Hakikisha tu vibali viko sawa na bima inavuka mpaka, ile yelo kadi.

Na jamani muulizeni msafirishaji anaosha wapi magari yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani, lakini malori bado yanashushwa majini asubuhi, oili inaelea, na mita chache pembeni kuna mama anachota maji ya kupikia. Msafirishaji wa hivyo mimi simpi mzigo wa mteja wangu, hata awe wa bei rahisi kuliko wote.