Wasomaji Wanauliza: Je, Uasin Gishu ilikuwa nchi tupu?

SWALI: Mhariri, marehemu babu yangu alilelewa katika shamba la mlowezi karibu na Sergoit, na hadi alipofariki mji wa Eldoret aliuita Sisibo. Alituachia kipande cha baba yake, ile karatasi ya utambulisho wa kazi ya enzi za ukoloni, kikiwa bado ndani ya kikopo chake cha bati chenye kamba, na alizoea kusema kwamba mzee huyo aliingia shambani kama "mtu wa siku 180". Alisema pia kwamba Makaburu, wale walowezi wa asili ya Kiholanzi kutoka Afrika Kusini, waliikuta nchi ile ya Uasin Gishu tupu. Mwanangu ameandika maneno hayo hayo katika insha ya shule. Je, nimwache au nimsahihishe?
Msomaji, Njoro, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, msahihishe, ila kwa upole, kwa maana babu yako hakusema uongo. Alisimulia walichokiona Makaburu, nao waliona nyasi nyingi na watu wachache. Kasoro iko kwenye neno "tupu". Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa.

Ushahidi hauko mbali nawe. Panda matatu hadi Nakuru mjini, kisha usogee kidogo kwenye barabara ya Nairobi hadi Hyrax Hill, mahali ambapo mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937. Hapo utaona mashimo mapana ya mviringo yaliyochimbwa mlimani, ambayo sasa yamefunikwa na nyasi, na mlango wake ukitazama upande wa chini wa mteremko. Hayo ni mazizi ya Wasirikwa, waliofuga ng'ombe katika nyanda za juu za magharibi karne kadhaa kabla ya reli. Ng'ombe walilala ndani ya shimo, na nyumba ya mwenye mifugo ilijengwa ubavuni, ikifungukia zizini. Uasin Gishu pia ina mashimo mengi ya namna hiyo, na mwanao akisimama ndani ya moja hatahitaji maelezo marefu kutoka kwangu.

Baada yao walikuja Wamasai wa Uasin Gishu, ambao ndio walioliachia eneo jina lao. Vita vya Wamasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19 viliwavunja wakatawanyika, na Wanandi wakawa wanachunga huko. Kisha Waingereza wakapigana na Wanandi kwa takriban miaka kumi, hadi tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa katika mkutano alioambiwa kwamba ni wa amani, na baada ya hapo watu wake wakasukumwa ndani ya mipaka ya hifadhi, yaani eneo walilotengewa. Naumia kila ninapokumbuka kwamba mwaka 1903, vita hivyo vikiwa havijaisha, serikali ya Uingereza ilikuwa tayari imewapa viongozi wa Wazayuni nafasi ya kuwafanyia Wayahudi makao kwenye uwanda huo huo. Mkutano wao mkuu uliikataa mwaka 1905.

Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walifika Mombasa kwa meli, wakapanda treni hadi Nakuru, na mwezi Agosti 1908 wakaondoka hapo na magari ya kukokotwa na maksai. Walipita matope na misitu ya Timboroa, wakafika Sergoit mwezi Oktoba, ilhali leo matatu huchukua saa chache tu. Mashamba yalipimwa na kupewa namba. Shamba namba 64, ambalo udongo wake haukufaa sana kwa kilimo, ndilo lililowekwa posta na hatimaye mji, na jina la Sixty-Four likageuka Sisibo katika ndimi za wenyeji. Jina la Eldoret lilitangazwa rasmi mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924.

Kuhusu siku 180, hayo ni masharti ya sheria ya mwaka 1918. Mwafrika aliyetaka kuishi, kulima na kuchunga katika shamba la mlowezi alilazimika kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Wengi waliozitoa siku hizo Uasin Gishu walikuwa Wanandi, ambao wazee wao walichunga pale pale bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kikopo hicho kifungueni taratibu. Karatasi ya kipande iliandikwa jina la mtu, alama za vidole vyake, mwajiri, mshahara, na tarehe za kuingia na kutoka kazini. Nakilini kila neno linalosomeka kabla karatasi haijakatika kwenye mikunjo, na mwanao aianze upya insha yake kwa tarehe ya kwanza atakayoikuta humo.