Hogo haliungi mfupa

Watu wanadhani hogo, yaani ile plasta ngumu anayofungwa aliyevunjika, ndo linaunga mfupa. Hapana, haliungi, linauzuia tu usicheze, anayeunga ni mfupa wenyewe maana ni kitu hai kina damu na seli zake, sio kama mti mkavu. Ukivunjika damu inaganda pale penye ufa, baada ya wiki 2 au 3 hivi inatokea gegedu laini inayoshikanisha zile ncha mbili, halafu seli zinazojenga mfupa, zinaitwa osteoblasti, zinapajaza madini ya kalsiamu na fosfeti mpaka panakuwa pagumu. Kile kinundu unachokishika kwa nje baadaye ndo hicho, usikiogope, kuna seli zingine zinakula ule mfupa uliozidi polepole zinausawazisha, miezi mpaka miaka.

Nimemuuguza mdogo wangu alivyodondoka na bodaboda huku Ujiji, mkono ulichukua wiki 6, ila muundi wa mtu mzima unaenda miezi 3 au zaidi, watoto wanawahi kutuzidi, na sigara inachelewesha kabisa kwa hiyo kama mgonjwa wako anavuta aache. Dagaa mpe, wale na mifupa yao, kalsiamu imo humo.

Ila vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au vikafa ganzi, iwe ndani ya hogo au mbao za mganga, mkimbize hospitali siku hiyohiyo usisubiri kesho, damu haipiti hapo na kiungo kinaweza kukatwa.