Kahawa kabla ya mazoezi: ushauri kwa wanaoanza uigizaji Bagamoyo

Kila msimu vijana wapya wanapojiunga na kikundi chetu hapa Bagamoyo, haipiti wiki ya pili kabla mmoja wao hajaniuliza swali lilelile: ikiwa mazoezi yanaanza saa tatu, kwa nini ninyi wakubwa mnakaa barazani tangu saa kumi na mbili na nusu mkipiga soga? Huuliza kwa adabu, lakini ndani ya swali mna hukumu, kwamba tunaupoteza muda ambao ungetumika kukariri maneno ya mchezo. Nami niliwaza hivyohivyo nilipotoka Tabora kuja kujifunza uigizaji, na ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba mengi ambayo watazamaji waliyapenda katika kazi yangu niliyaokota pale, juu ya baraza la saruji lililopasuka, nikiwa na kijikombe cha kahawa mkononi. Ninaandika haya ili ninyi msichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Nianze na namna ya kufika. Asubuhi yangu ya kwanza nilifika nikiwa nimejaa maoni kuhusu onyesho tulilolitazama usiku uliotangulia, na kabla sijaketi nikaanza kueleza kwamba mwigizaji mkuu aliwapa watazamaji mgongo karibu onyesho zima la pili. Watu wote wanane walinyamaza. Bibi mmoja, ambaye amekuwa akicheza nafasi za mama mkwe tangu sijazaliwa, alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, sabalkheri." Sikuongeza neno. Nilizunguka nikawaamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaitikia marahaba kwa namna yake: huyu aliivuta, yule aliikata, na mwingine aliitamka huku midomo ikiwa bado ukingoni mwa kikombe. Niliona haya kubwa, lakini masikio yalikuwa kazini. Tangu siku hiyo, nikipewa nafasi mpya, jambo la kwanza ninalojiuliza ni mtu huyu huitikiaje anapoamkiwa, na ni nani ambaye yeye mwenyewe humwamkia kwa shingo upande. Mkilijua hilo, nusu ya mhusika wenu mnayo kabla hamjafungua ukurasa wa pili.

Mazungumzo yenyewe yana mwendo wake, na mgeni anayetaka kuyaharakisha huyaharibu. Huanzia kwenye usingizi, afya na watoto, yakahamia baharini kwa kuwa wenzetu wawili wana ndugu wavuvi na wanajua chombo gani kimerudi na nini, yakafika kwenye bei ya samaki sokoni, na hapo ndipo mchezo wa jana unapoingia bila mtu kuutangaza. Msidhani kwamba sehemu ya mwanzo ni ya kupitisha wakati. Sisi hucheza mara nyingi katika uwanja wa wazi karibu na ufuo, na majira ya kusi upepo hula silabi za mwisho za kila sentensi; aliyesikia asubuhi kwamba kusi limekaza na ngalawa zimebaki ufukweni anajua kwamba jioni hiyo atapaswa kusogea mbele hatua tatu, kuyagawa maneno yake kwa pumzi fupi, na kuachana na ule mnong'ono aliokuwa akijivunia mazoezini.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ulionifundisha kusikiliza. Mzee anayetuuzia kahawa huja na mdila wake ukiwa juu ya seredani ndogo yenye makaa, ameishika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia hugonganisha vijikombe viwili vitupu vya kaure, tki-tki, tki, tki-tki. Hatumwoni kwanza, tunamsikia angali nyuma ya kona, na kabla hajatokea utaona mmoja anapapasa mfuko kutafuta sarafu, mwingine anasogea kumpisha, na yule ambaye ana deni la juzi anageuza uso na kuanza kusoma gazeti ambalo ameshalisoma. Nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi pasipo kuyaona. Wakati huo tulikuwa tukihangaika na onyesho ambalo mtoza kodi anaingia kijijini, na kila tulipolifanyia mazoezi halikumtisha hata mtoto, ingawa mwenzetu aliyecheza nafasi hiyo alikuwa akipiga kelele hadi sauti inakauka. Siku moja mwongozaji wetu alikuwa barazani pamoja nasi. Vijikombe vililia nyuma ya kona, sote tukajipanga bila kuambiana, naye akacheka peke yake. Alipofika mazoezini akamnyang'anya mtoza kodi maneno yake yote ya kuingilia, akampa fungu la funguo, akamwamuru alitikise taratibu akiwa bado nyuma ya pazia, na sisi wanakijiji tukaambiwa kila mmoja afanye ambacho hufanya kahawa inapokaribia, isipokuwa sasa tunaficha badala ya kutoa. Usiku wa onyesho watu walinyamaza kabisa kabla mtoza kodi hajaonekana. Kelele zake zote za mwezi mzima hazikuwa zimefika hapo.

Kuhusu kukosoana, elewaneni mapema, kwa sababu hapa ndipo urafiki mwingi wa wasanii huvunjikia. Kwetu usiku wa onyesho ni wa pongezi tu. Mwigizaji aliyetoka jukwaani akiwa bado na jasho hana masikio ya kusikia kasoro. Asubuhi ndiyo yenye ukweli, na ukweli huo huja umevikwa utani ili uweze kumezeka. Niliwahi kucheza nafasi ya mzee anayefariki katikati ya mchezo, nami nilipokwisha kuanguka nikahisi kanzu imepanda magotini, nikanyoosha mkono polepole nikaivuta chini, nikiamini kwamba hakuna aliyeniona. Asubuhi yake niliketi nikingojea sifa. Bibi alikoroga chai yake muda mrefu, kisha akawauliza wenzake, bila kunitazama, "Hivi nyie, maiti wa jana alikufa mara ngapi? Maana mie nimehesabu mbili." Walicheka hadi kahawa ikamwagika, na mimi nilicheka baada yao, kwa kuchelewa kidogo. Sijawahi tena kusogeza kidole nikiwa maiti. Angalieni kwamba Bibi hakusema kuwa nilikosa umakini, neno ambalo waongozaji wengi hulitumia na ambalo mwigizaji hawezi kulifanyia lolote. Alitaja kitendo kimoja, na kitendo kinaweza kurekebishwa. Nanyi mkimsema mwenzenu, tajeni mnachokiona: mkono, hatua, neno lililomezwa.

Utani unahitaji maelezo kwa wale mnaotoka mbali. Mimi ni Mnyamwezi, na watu wa pwani ni watani zetu wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi mji huu. Kwa hiyo, haikupita asubuhi bila mtu kuniuliza mzigo wangu nimeutua wapi, au kudai kwamba nimsaidie kubeba mtungi kwa kuwa ni kazi ya ukoo wetu. Mwezi wa kwanza niliudhika na kununa, nikawa ninaua mazungumzo. Halafu nikaona kwamba wenzangu walikuwa wakinirushia mpira na mimi ninauacha uanguke. Siku niliyomjibu mmoja wao kwamba mzigo niliuacha kwa baba yake, na kwamba ujira bado ninaudai pamoja na faida, baraza zima lilinikubali, na mabishano yetu yakaendelea robo saa nzima pasipo mmoja wetu kutoka katika nafasi yake. Mwigizaji anayejifunza kubuni papo kwa papo hana darasa lililo zuri kuliko hilo. Sharti lake ni moja: jibuni kwa utani, msijibu kwa hasira, na kama kweli mtu amewagusa mahali penye kidonda, mwambieni faraghani baadaye.

Kuna asubuhi ambazo mjadala huwa mzito. Ninaukumbuka mmoja uliochukua siku tatu na uliohusu neno moja tu. Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, na tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mwenzetu mmoja alisema kwamba mfanyabiashara wa Shakespeare ni mmoja na jina lake halina lawama, ilhali mabepari ni wengi na wamekwisha kuhukumiwa kabla pazia halijafunguliwa. Mwingine akamkumbusha kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na kwamba msikilizaji wa miaka ile asingelisikia neno "bepari" pasipo kulisikia Azimio ndani yake. Mimi nikajitosa kwa maneno makubwa. Mzee mmoja akaniomba nitaje ni onyesho gani linalothibitisha hoja yangu, nikashindwa, kwa kuwa kitabu chenyewe sikuwa nimekisoma, nilikuwa nimesimuliwa. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Niliazima kitabu siku ileile. Siku ya tatu Bibi akauliza swali ambalo hatujalijibu hadi leo: anayecheza Shylock, yule mkopeshaji fedha wa mchezo huo, aingie jukwaani akijijua kuwa ni bepari, au aingie akiamini kwamba ni mtu anayedai haki yake? Mkitaka kushiriki mijadala ya namna hii, someni kwanza. Msipokuwa mmesoma, ulizeni, kwani swali la kweli halijawahi kumshushia mtu hadhi barazani.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo nisingependa mlirudie. Jirani mmoja, ambaye si msanii bali hupita tu kunywa kahawa, alitusimulia asubuhi moja ugomvi wake na mkwewe kuhusu mahari iliyobaki. Alisimulia vizuri mno, huku akikatiza kila jambo kwa kukohoa kidogo na kusema "basi bwana," na mimi nikaichukua hadithi yote, kikohozi na "basi bwana" vikiwemo, nikaiingiza katika kichekesho chetu baada ya wiki mbili. Watu walivunjika mbavu. Yeye alikuwepo, safu ya tatu, pamoja na mke wake. Hakugomba, aliacha tu kuja barazani, na kwa zaidi ya mwezi nafasi yake pembezoni mwa nguzo ilibaki wazi, na mazungumzo yakawa mafupi kwa sababu kila mtu alinitupia jicho kabla ya kusimulia la nyumbani kwake. Hatimaye mzee wetu mmoja alinipeleka kwa jirani huyo, nikaomba radhi nikiwa nimeketi mkekani, na kile kipande tukakiondoa. Leo ninachukua namna mtu anavyokaa, namna anavyositasita, namna anavyoshika kikombe. Kisa chenyewe sikichukui mpaka mwenyewe akiniambia nichukue, na hata hapo hubadilisha jinsia, umri na kijiji. Msanii akishajulikana kuwa ni mwizi wa siri, watu humpa maneno ya gazetini tu.

Mtawasikia wakongwe wakirudia habari za zamani: Chuo cha Sanaa kilipoanza mwaka 1981, jinsi ukumbi ulivyoteketea kwa moto mwaka 2002, na mabadiliko ya mwaka 2007 yaliyokifanya chuo kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwaka wakiukosea kwa moja au miwili, msikimbilie simu kuwasahihisha mbele za watu. Wanachokibeba wao hakimo katika simu: nani alisimama wapi, pazia lilikwama vipi, ngoma ilipasuka na mpigaji akaendelea kwa kupiga paja lake.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Simu iwekeni mfukoni. Baraza si mahali pa kurekodi watu bila ruhusa yao. Msinywe kahawa chungu kabla ya kutia kitu tumboni, hata kiazi au mandazi na mbaazi, kwa sababu mikono itatetemeka na mtadhani ni hofu ya jukwaa. Msipaze sauti mapema, koo la alfajiri bado ni zito. Mazungumzo ya sauti ya chini kwa saa moja hulilainisha vizuri kuliko kupiga kelele za mazoezi. Mkiwa na chenji, mara mojamoja mlipieni aliye pembeni yenu kahawa, wala msitangaze. Na siku ambayo maneno ya mchezo hamjayashika kweli, bakini nyumbani myakariri. Nimewaona vijana waliolifanya baraza kuwa pa kujifichia, na saa tatu ikawaumbua.

Mzee wa kahawa akimwaga maji ya kuoshea vikombe chini ya mwarobaini, jueni kwamba ni karibu saa mbili na nusu. Vigoda ni vya Bibi na hurudishwa ndani kwake, viwili kwa kila mkono. Kile chenye mguu mfupi kiachieni mimi, kwa sababu kina namna yake ya kushikwa.