Miche ya okidi kutoka kwenye chupa: tatizo ni hewa, si kiu

Mkuu, umeuliza kwa nini miche yako ya okidi, iliyokuwa kijani kibichi ndani ya chupa ya maabara, imeanza kuoza baada ya kuihamishia kwenye vyungu, na kama uongeze maji au upunguze. Kwa maelezo yako, maji yameshazidi. Ila ukipunguza maji bila kurekebisha hewa, iliyobaki nayo itanyauka.

Ndani ya chupa hewa ina unyevu wa karibu asilimia 100. Jani linalokulia humo halijengi nta ya kutosha juu yake, na vitundu vyake vya kupumulia havijazoea kujifunga. Likitoka nje linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha. Mtu anaona majani yamelegea, anadhani mche una kiu, anamwaga maji. Mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yanazidi kulegea, naye anazidi kumwaga. Unyevu unaotakiwa ni wa hewani. Huku chini kwenye mizizi papitishe hewa.

Mimi natia maji ya vuguvugu kwenye chupa, natikisa taratibu mpaka jeli iliyooteshewa miche iachie, kisha naosha miche kwenye beseni kwa vidole, mmoja mmoja. Hapa usiwe na haraka. Ile jeli ina sukari, kwa sababu mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Porini inategemea kuvu iilishe. Mwaka 1922 Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alionyesha kwamba mbegu inaweza kuota bila kuvu hiyo ikipewa sukari kwenye jeli. Sasa sukari hiyohiyo ikibaki kwenye mizizi nje ya chupa, ukungu umepata karamu. Jeli hupenda kujificha pale mizizi inaposongamana chini ya shina. Itenganishe, pitisha kidole, ukihisi utelezi rudisha kwenye maji. Mizizi michache ikikatika usihangaike, mingi ya zamani hufa tu na mche unaendelea na mipya.

Baada ya hapo naiacha kivulini mpaka maji yakauke, hasa pale katikati ya majani, maana Phalaenopsis, aina ya okidi inayofugwa sana majumbani, huanza kuoza hapohapo. Naipanga kwa ukubwa, ya rika moja chungu kimoja, imekaribiana. Mche mdogo peke yake kwenye chungu kikubwa unakaa kwenye majimaji siku nyingi mno. Natumia vipande vidogo vya gome la msonobari na sfagnamu kidogo, ule mmea wa kinamasi uliokaushwa. Udongo wa bustani sahau kabisa.

Vyungu naviingiza kwenye kontena angavu la plastiki lenye kifuniko, penye mwanga mwingi ila jua lisipige moja kwa moja. Likipiga kontena lililofungwa, miche inapikwa humo. Mwanzoni nafunga karibu kote, kisha nasogeza kifuniko kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mbolea nasubiri mizizi mipya itokeze, halafu natia robo ya kipimo cha kwenye pakiti.

Kuhusu lini umwagilie, angalia mzizi wenyewe: mkavu una weupe wa fedha, uliolowa ni wa kijani. Ukiwa bado kijani, weka kopo chini. Na usitarajie maua karibuni: Phalaenopsis huchukua kama miaka miwili hadi minne tangu itoke kwenye chupa, na Cattleya, aina nyingine ya okidi, hata zaidi.

Hiyo iliyobaki itoe leo. Kata mizizi iliyolainika kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, osha jeli yote, panda upya na uiweke ndani ya kontena. Mche ambao pale katikati ya majani ni peusi na panabonyea utupe, usiuchanganye na mingine. Kisha weka picha ya mizizi hapa tuione, majani hayatatuambia kitu.